Jinsi ya kukitumia kitenzi «prendre» katika wakati uliopo bila kupitia Kiingereza

Wengi wanaokuja kwangu kwa tyusheni ya Kifaransa hapa Donholm, Nairobi, huja na madaftari yaliyokwisha kujaa. Je prends, tu prends, il prend: kila nafsi imepewa mstari wake, viishio vimepigiwa kalamu nyekundu, na pembeni maana imeandikwa kwa Kiingereza. Nikimwambia mwenye daftari aseme kwa Kifaransa kwamba yeye na dada yake hupanda matatu pamoja, anatazama dari.

Jedwali lenyewe halina ubaya. Shida ni kwamba huku Kenya Kifaransa hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu anawaza kwa Kiswahili, anahamia Kiingereza, ndipo aanze kukitafuta Kifaransa, na huko katikati anaokota mambo ambayo Mfaransa hayatambui. Kwa kitenzi hiki mimi humwomba mwanafunzi akiache Kiingereza mlangoni pamoja na viatu. Sarufi ya Kiswahili itamfikisha karibu zaidi kuliko anavyodhani.

Nimekichagua prendre, yaani «kuchukua», kwa sababu hakikwepeki. Mhudumu wa mkahawa anakihitaji kumwuliza mteja atakunywa nini. Dereva wa van za watalii anakihitaji kueleza barabara na kusema safari itachukua muda gani. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, darasani kwangu wameingia pia wauza vitenge. Mteja wa Goma wanaelewana naye kwa Kiswahili bila taabu. Wa Kinshasa ndiye anayewalazimisha kushika daftari.

Sikia kwanza, andika baadaye

Umbo lake katika wakati uliopo ni hili:

je prends
tu prends
il prend, elle prend, on prend
nous prenons
vous prenez
ils prennent, elles prennent

Herufi ni nyingi lakini sauti ni tatu tu, na mimi sifundishi kuandika hadi zote tatu ziwe zimekaa sikioni.

Sauti ya kwanza ni ya umoja wote: prends, prends, prend. Zote hutamkwa sawasawa. D haisikiki, s haisikiki, na hata ile n unayoiona haitamkwi kama n. Anza kusema «pra», halafu iache hewa ipite puani na mdomoni kwa wakati mmoja, na kabla ulimi haujagusa nyuma ya meno ya juu, nyamaza. Ulimi ukigusa, umeshatamka n ya Kiswahili. Weka vidole viwili ubavuni mwa pua. Ukisikia mtetemo huku mdomo ukiwa wazi, umeipata.

Asiyeipata namwambia afikirie steji ya Ambassadeur pale mjini, karibu na jengo la Kumbukumbu za Taifa. Kila mkazi wa Nairobi ametaja jina hilo maisha yake yote, na ni neno la Kifaransa, maana yake balozi. Makanga akilitamka anafunga midomo kwenye m. Mfaransa akilisoma ubaoni haitamki m hiyo: anaanza na irabu ya puani, kisha anaenda moja kwa moja kwenye «ba». Ile am ya mwanzo wa Ambassadeur na ile en ya prends ni sauti moja. Simama hapo steji ulirudie jina kwa njia hiyo mara kadhaa. Watu watakutazama, lakini mjini watu hutazamana kwa mambo madogo zaidi ya hayo.

Sauti ya pili iko kwenye nous prenons na vous prenez. Hapa n inarudi kuwa n halisi, na e iliyoitangulia ni hafifu, midomo imechongoka kidogo, haina nguvu ya e ya Kiswahili. Usiimeze kabisa, maana p, r na n zikibaki peke yake zitakukwama. Prenons inaisha na o ya puani. Prenez inaisha na e ya kawaida, z unaiacha kwenye karatasi.

Ya tatu ndiyo inayowashinda wengi: ils prennent. E inafunguka, pana, halafu ulimi unapiga n na neno linaishia papo hapo: «pren». Ile -ent ya mwisho haitamkwi hata kidogo. Sisi tumezoea neno kuishia kwa irabu, tumeigeuza bank kuwa benki na bus kuwa basi, kwa hiyo ulimi unataka kumalizia na «prenne» au «prenenti». Uzuie.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu il na ils hutamkwa sawa. Kwa kitenzi kama parler, il parle na ils parlent husikika sawa kabisa na msikilizaji hajui kama ni mmoja au wengi mpaka muktadha umwambie. Kwa prendre, kitenzi chenyewe ndicho kinachotoa habari. Ukisikia «il prã», ni mtu mmoja. Ukisikia «il pren», ni zaidi ya mmoja. Zoezi langu la kwanza ni hilo: mmoja anatamka bila kuonyesha karatasi, mwingine anainua kidole kimoja au viwili. Unaweza kulifanya peke yako kwa kujirekodi kwenye simu, ukajisikiliza kesho yake asubuhi, wakati umesahau ulichokusudia.

Jambo dogo la kumalizia matamshi: ukiuliza swali kwa kugeuza, prend-il, prend-elle, prend-on, ile d iliyokuwa kimya inaamka, na inaamka kama t. «Prã-til». Kwenye mazungumzo ya kawaida hutalihitaji sana, kwa sababu watu huuliza kwa kupandisha sauti tu, kama sisi tunavyofanya: Tu prends le bus ?

D inakwenda wapi?

Sasa shika kalamu. Kwenye umoja d ipo. Kwenye wingi haipo kabisa: prenons, prenez, prennent. Hapa ndipo wanafunzi wenye bidii huanguka, kwa sababu wameshajifunza vendre, attendre, descendre na répondre, ambavyo hubeba d yao kila mahali: nous vendons, vous attendez, ils descendent. Wakikutana na prendre wanaandika «nous prendons», na wanaona ni haki yao. Si haki yao. Prendre na jamaa zake wamejitenga na kundi hilo.

Njia nzuri ya kuvitenganisha ni kuviweka kwenye sentensi moja, na matatu inatusaidia, maana anayepanda lazima ashuke:

Je prends le matatu à Donholm et je descends en ville.
Nous prenons le matatu à Donholm et nous descendons en ville.
Ils prennent le matatu à Donholm et ils descendent en ville.

Isome kwa sauti mpaka uchoke. Prenons bila d, descendons na d. Ukiwa kwenye jam ya Jogoo Road una muda wa kutosha.

Kuhusu n mbili za prennent: e ikiwa hafifu, n ni moja, e ikifunguka na nguvu ikaangukia hapo, n zinakuwa mbili. Utaona mtindo huohuo kwenye nous venons na ils viennent, na kwenye nous appelons na ils appellent. Nafsi ya tatu umoja haina s, inaishia d tu. Hayo mawili yakishaingia, mtihani wa kuandika hautakusumbua.

Na usiliache je wala tu. Kiswahili kina nafsi ndani ya kitenzi chenyewe, ninapanda, unapanda, kwa hiyo «mimi» huongezwa kwa mkazo tu. Kifaransa kimepoteza sauti za viishio, basi nafsi ya mbele ndiyo inayofanya kazi yote. Ukiitoa, sentensi haifupiki tu, inageuka amri. Prends le bus ! ni kumwambia mtu apande basi. Nimeshasikia mgeni aliyetaka kusema kwamba yeye hunywa chai akamwamuru mwenyeji wake anywe.

Pale Kiswahili kinapokubeba

Wakati uliopo wa Kifaransa unafanya kazi ambazo sisi tumezigawa kati ya -na- na hu-. Je prends le matatu ni «ninapanda matatu» sasa hivi, na ndiyo hiyohiyo «mimi hupanda matatu», au kama tunavyosema Nairobi, «mimi hupandanga». Kinachotofautisha ni neno la pembeni: tous les jours, kila siku, le matin, asubuhi, en ce moment, sasa hivi. Usitafute namna mbili za kitenzi kwa sababu Kiingereza kina mbili. Kama mtu amekupigia simu na unataka asikie kwamba jambo linaendelea dakika hii, ipo être en train de: Je suis en train de prendre une douche. Anaelewa kwamba umelowa.

Kesho nayo inaingia humuhumu. Sisi husema «kesho napanda treni ya Mombasa» bila -ta-, na hakuna anayeshangaa. Mfaransa hufanya hivyohivyo: Demain, je prends le train de Mombasa. Na kwa kuwa treni ya SGR inaondokea Syokimau, sentensi kamili ya msafiri wa Nairobi ni: Je prends d'abord un matatu jusqu'à Syokimau, ensuite je prends le train.

Tazama pia depuis. «Ninameza dawa hii tangu Jumatatu.» Kiswahili kinatumia -na- kwa sababu bado unaimeza. Kifaransa kinatumia wakati uliopo kwa sababu hiyohiyo: Je prends ce médicament depuis lundi. Anayepitia Kiingereza hufika hapa akaanza kuunda kitenzi cha wakati uliopita chenye sehemu mbili, akajitesa bure.

Lakini zawadi kubwa zaidi ni mtendwa. «Ninakichukua»: ki- ya kitabu inakaa kabla ya mzizi. Je le prends: le nayo inakaa kabla ya kitenzi. Mpangilio ni uleule, nafsi, mtendwa, kitendo. Kanusha uone: «sikichukui», je ne le prends pas. Bado mtendwa yuko palepale, kabla ya kitenzi. Geuza iwe amri: «kichukue», na hapo Kifaransa kinamhamishia nyuma, prends-le. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa Kiingereza husema «je prends le», kwa sababu Kiingereza humweka mtendwa mwisho. Mwambie afikirie ngeli. Na kuhusu kuchagua le au la, mtu aliyelelewa na ki-vi, li-ya na u-i hana sababu ya kutishwa na jinsia mbili.

Kilichobaki ni en, ambacho kwetu hakina pacha. Kinatumika unapotaja kiasi cha kitu kilichokwisha kutajwa. Sukari? J'en prends deux, natumia vijiko viwili. Je n'en prends pas, situmii. Tamka j'en prends taratibu: ni irabu ya Ambassadeur mara mbili mfululizo.

Haya yote utayaona kwenye mazungumzo haya mafupi ambayo huyatumia kufundishia wauza nguo. Duka liko Biashara Street, mteja anatoka Kinshasa, na kitenge kwa Kifaransa cha huko ni pagne:

— Bonjour, maman. Ce pagne, c'est combien ?
— Deux mille shillings, les six yards.
— C'est cher ! J'en prends deux, vous me faites combien ?
— Vous en prenez deux ? Mille huit cents chacun.
— Bon, je les prends. Vous prenez M-Pesa ?
— Oui, on prend M-Pesa.

Mteja anasema «j'en prends deux» wakati anazungumzia idadi, halafu «je les prends» baada ya kuvishika mkononi na kukubali bei. Muuzaji haondoki kwenye vous, hata mteja akiwa kijana. Na anapozungumzia duka lake anasema on, si nous. Kwenye maongezi ya kila siku utasikia on prend mara nyingi zaidi ya nous prenons, ikiwa na maana ileile ya «sisi». Nous iache kwa barua, mtihani na hotuba. Maman hapo si mama mzazi, ni heshima, kama ambavyo muuzaji wa Nairobi naye angeitwa mama na mteja asiyemjua.

Siku nzima na kitenzi kimoja

Ukitafsiri prendre kuwa «chukua» kila mahali utakwama kabla ya saa tatu asubuhi. Mimi huwaambia wanafunzi waandike siku yao, kutoka kuamka hadi kulala, na waone ni mara ngapi kinajitokeza.

Unaoga: je prends une douche. Unakunywa chai na mandazi: je prends le petit déjeuner. Angalia tu kwamba Wabelgiji, Waswisi na watu wa Quebec mlo huo wa asubuhi huuita déjeuner, jina ambalo kwa Mfaransa ni chakula cha mchana, kwa hiyo ukialikwa uliza saa. Unameza dawa: je prends mes médicaments. Unapanda chochote, matatu, basi, teksi, ndege: je prends. Boda nayo ni une moto, basi je prends une moto. Jam imekushika: avec les embouteillages, ça prend deux heures. Umefika ofisini, unaandika mambo mkutanoni: je prends des notes. Unaweka miadi na daktari: je prends rendez-vous, bila un wala le. Unapiga picha: je prends une photo. Unakata shauri: je prends une décision. Mwenzako anakuambia atakupitia jioni kwa gari: je passe te prendre à six heures. Umenenepa kidogo baada ya Krismasi: je prends du poids.

Chai inastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu kiungo cha mbele hubadilisha maana. Je prends un thé ni kikombe kimoja, na ndivyo utakavyomwambia mhudumu. Je prends du thé ni chai kiasi, bila kuhesabu. Prendre le thé ni kile kikao chenyewe cha chai na mazungumzo. Ukikanusha, un na du zote hugeuka de: je ne prends pas de thé, je ne prends pas de sucre. Hii pas de isikuponyoke. Inasikika vibaya ikikosekana kuliko kosa lolote la kiishio. Ne yenyewe wenyeji wengi huimeza wakizungumza, je prends pas de sucre, lakini wewe iandike.

Kwa mhudumu wa mkahawa, sentensi za kazi ni chache na zote ziko kwenye vous. Qu'est-ce que vous prenez ? Et comme boisson ? Vous prenez un dessert ? Mteja akichelewa kuamua, prenez votre temps, polepole, hatuna haraka. Akiwa bado amesimama mlangoni, prenez place. Hizi mbili ni amri kwa umbo tu. Kwa tabia ni ukarimu, na nimeona uso wa mgeni ukilegea akizisikia.

Kwa dereva na askari wa mlangoni, ni njia. Mgeni amesimama nje ya jengo la Kumbukumbu, ametazama upande wa Jeevanjee, na anatafuta Kenyatta Avenue: Prenez Moi Avenue, tout droit, puis prenez Kenyatta Avenue à gauche. Huwezi kupotea ukiwa na prenez, à gauche (kushoto), à droite (kulia) na tout droit (moja kwa moja). Kama barabara haina jina unalolijua, hesabu: prenez la deuxième à droite. Rue ina jinsia ya kike, ndiyo maana la.

Halafu kuna prendre ya ugomvi. Makanga amekutoza nauli ya mvua na jua linawaka: Tu me prends pour qui ? Kwani unanionaje? Na mtu akibadilika ghafla mbele yako, Qu'est-ce qui te prend ? Umeingiwa na nini? Hizi sikushauri uzitumie, nakushauri uzielewe.

Mitego michache

Mtihani kwa Kifaransa hauchukuliwi. Ni passer un examen, na passer hapo ni kuufanya tu, haina maana kwamba umepita. Mtahiniwa wa KCSE anasema Je passe le KCSE cette année. Kupita ni réussir. Mzazi wa Kifaransa hatakupongeza kwa sababu umesema j'ai passé l'examen, atasubiri aambiwe matokeo.

Kumpeleka mtoto shuleni si prendre, ni emmener: j'emmène mon fils à l'école. Kutembea kujinyoosha ni faire une promenade, na kusinzia kidogo mchana ni faire une sieste. Hapa Kiingereza ndicho kinachokuponza, na Kiswahili hakikupi jibu pia, kwa hiyo kariri tu.

Jamaa za prendre

Ukishakimudu kimoja, vingine vinafuata bila kazi mpya: comprendre, kuelewa, apprendre, kujifunza, surprendre, kushtukiza, reprendre, kuendelea tena au kuchukua tena, entreprendre, kuanzisha jambo. Weka silabi ya mbele, mengine yote ni yaleyale. Je comprends, nous comprenons, ils comprennent.

Je ne comprends pas ndiyo sentensi ya kwanza ninayomfundisha kila mtu, kabla hata ya jina lake. Ya pili ni apprendre, ambayo ina mambo matatu ya kuangalia. Mbele yake je hukatwa: j'apprends. Ikifuatwa na kitenzi kingine inataka à: j'apprends à conduire. Na inaweza kugeuka kuwa kufundisha, ukishamtaja anayefundishwa kwa à: j'apprends le français à mes voisins, nawafundisha majirani zangu Kifaransa. Hiyo ndiyo kazi yangu ya jioni.

Jipime

Funika majibu. Sema kwa Kifaransa, kwa sauti, ndipo uandike.

Mimi na dada yangu hupanda matatu pamoja. Ma sœur et moi, on prend le matatu ensemble. Ukiandika kwa mwalimu, nous prenons.

Mtakunywa nini, mabwana? Qu'est-ce que vous prenez, messieurs ? Kiswahili kimesema -ta-, Kifaransa kimebaki kwenye wakati uliopo.

Wateja hawa hawatumii sukari. Ces clients ne prennent pas de sucre. Hakikisha ulimi umegusa kwenye prennent na kwamba umesema de.

Kitenge hiki sikichukui. Ce pagne, je ne le prends pas.

Safari inachukua muda gani? Ça prend combien de temps ?

Wanaelewa lakini hawajibu. Ils comprennent, mais ils ne répondent pas. Kimoja kimetupa d, kingine kimeing'ang'ania hadi inasikika. Ukizitamka zote mbili sawasawa bila kusita, nenda kwenye kitenzi kingine. Mimi ningeanza na mettre, kwa sababu nacho kina tabia zake.